Doa la Damu ya Mzee: Tiba ya Mionzi kwa Kansa ya Ngozi Inayowapata Wanaoishi na VVU

Siku ya miadi, ukifika CTC, yaani kliniki ya tiba na matunzo kwa wanaoishi na VVU, utapimwa uzito, utaulizwa kama unakohoa, kama una homa, kama usiku unatoka jasho la kulowesha shuka. Ni maswali ya kifua kikuu na ni ya lazima. Baada ya hapo unachukua dawa zako na kuondoka. Mara nyingi viatu hubaki mguuni. Nayo saratani ninayotaka tuizungumze hupenda kuanzia hukohuko: kwenye unyayo, kisigino, kifundo, muundi. Mtu anaweza kukaa nayo miezi kadhaa ndani ya buti la kuvulia dagaa, au chini ya kanga, akiiita kovu, alama ya mbu, au damu iliyovilia baada ya kujigonga kwenye mtumbwi.

Rangi yake ni ile ambayo wauza vitambaa wetu huiita damu ya mzee. Kwenye ngozi nyeusi sana huonekana kama weusi uliokolea kuliko mwili, wenye wekundu kwa mbali ukiangalia juani. Doa haliwashi. Haliumi. Ukilibonyeza kwa kidole halififii. Baadaye huinuka likawa kinundu, vinundu vikaungana, ngozi ikawa ngumu kama ubao, mguu ukavimba hadi watu wakasema ni matende. Linaweza pia kutokea kwenye ncha ya pua, kwenye kope, kwenye fizi, na hasa kwenye kaakaa, yaani dari ya mdomo, ambako mwenyewe hajioni mpaka afumbue kinywa mbele ya kioo. Linatudanganya kwa sababu tumezoea kuogopa kinachouma.

Ugonjwa huo unaitwa sakoma ya Kaposi. Wahudumu wa afya husema Kaposi tu, au KS. Ndiyo saratani inayofungamana zaidi na UKIMWI katika ukanda wetu, na mwenye VVU anayeipata huhesabiwa moja kwa moja kuwa yuko hatua ya 4 ya ugonjwa wa VVU, hata kama jana alikuwa shambani analima. Inatibika. Mojawapo ya tiba zake ni mionzi, na mionzi yenyewe kwa mkazi wa Musoma, Bunda au Butiama haiko mbali kama zamani. Lakini ina nafasi yake katika mpangilio wa tiba, na mpangilio huo ndio ninaotaka msomaji aondoke nao, kwa sababu nimeona watu wakiikimbia mionzi kwa hofu na wengine wakiirukia kwa pupa.

Ugonjwa wenye historia ndefu kuliko UKIMWI

Moritz Kaposi alikuwa daktari wa ngozi mjini Vienna, aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1872 kutokana na wagonjwa 5. Kwetu Afrika Mashariki haukusubiri VVU ndipo uingie. Madaktari walikutana Kampala kuujadili mwaka 1961. Mwaka 1969 jarida moja la saratani la Uingereza lilichapisha ripoti ya wagonjwa 117 wa Kaposi wa Tanzania Bara. Wakati huo hakuna aliyekuwa amesikia neno UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983.

Chanzo kilijulikana mwaka 1994, pale Yuan Chang na Patrick Moore walipogundua, huko New York, kirusi kingine kabisa, cha jamii ya hepesi, ndani ya uvimbe wa Kaposi. Kirusi hicho husafiri zaidi kwa mate, na hapa kwetu wengi hukipata wakiwa watoto. Walio nacho ni wengi na wengi wao hawataugua kamwe, maana kinga ya mwili hukibana kikakaa kimya. VVU vinapoidhoofisha kinga, kile kilichobanwa kinapata upenyo.

Nimelieleza hili kwa makusudi. Katika vijiji vyetu mwenye mguu uliovimba na madoa meusi huulizwa amemkosea nani, amemchukulia nani mke, ni tego la nani. Hakuna tego. Pengine alikipata kirusi hicho akiwa na miaka mitatu, kwa kulishwa chakula kilichotafunwa na mtu aliyempenda.

Dawa ya kwanza ni ileile ya kila siku

Tiba ya Kaposi kwa mwenye VVU huanzia kwenye dawa za kufubaza makali ya virusi (ARV). Kile kidonge kimoja cha siku ambacho wengi wanakijua kwa herufi tatu, TLD, ndicho msingi wa kila kitu kingine. Kinga ikirudi, inakibana tena kile kirusi cha Kaposi. Mwenye madoa machache ya bapa, asiye na uvimbe wa mguu wala vidonda vya ndani, anaweza kuyaona yakififia kwa ARV peke yake ndani ya miezi kadhaa, bila mionzi na bila dripu ya dawa za saratani.

Aliyezidiwa, mwenye miguu iliyovimba, vinundu vingi, kaakaa lililojaa, au Kaposi iliyofika mapafuni na tumboni, anahitaji dawa za saratani za mishipani pamoja na ARV. Utafiti mkubwa uliohusisha nchi kadhaa za Afrika, zikiwemo Kenya na Uganda, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2020, ulionyesha kuwa dawa iitwayo paklitakseli, inayotolewa kila baada ya wiki 3, ilifanya vizuri kuliko dawa mbili za zamani, bleomisini na vinkristini, zikitumiwa pamoja. Ukiambiwa umepangiwa dripu, uliza ni dawa gani. Ni haki yako kuuliza.

Mionzi inakuja kama tiba ya mahali. Inatibu pale inapoelekezwa, basi. Ikielekezwa kwenye unyayo wa kushoto, doa la mkono wa kulia halitajua kama umetibiwa. Kwa hiyo mtu mwenye madoa mwili mzima akienda kudai mionzi na kuziacha ARV nyumbani, anapalilia tuta moja huku shamba zima likimezwa na majani. Wapo pia wanaoacha ARV kwa kudhani kwamba mionzi "itaunguza dawa" mwilini. Haiunguzi. Usikatishe hata siku moja.

Lipo jambo jingine la kujua mapema. Kwa baadhi ya watu, Kaposi huvimba zaidi katika wiki au miezi ya mwanzo ya kutumia ARV. Kinga inaamka na kupambana kwa fujo. Anayepatwa na hili hudhani dawa ndiyo imemletea saratani, naye anaitupa. Asiitupe, arudi kliniki haraka, hasa akianza kuhema au mguu ukivimba ghafla, kwa sababu huo ndio wakati wa kuongezewa dripu.

Na tafadhali, uangalifu mkubwa na dawa za steroidi. Predinisoloni, deksamethasoni, na zile krimu kali za kupaka zenye steroidi zinaweza kuifanya Kaposi ilipuke. Zimejaa madukani, hupigwa kama "sindano ya uvimbe", na baadhi ya mikorogo ya kung'arisha ngozi huchanganywa nazo. Ukiwa na Kaposi, kabla ya kupokea dawa yoyote ya uvimbe, mzio au pumu, mwambie anayekupa kwamba una Kaposi. Yapo maradhi ambayo daktari atalazimika kukupa steroidi. Hilo aliamue yeye akijua ukweli wote.

Mionzi inasaidia nini hasa

Seli za Kaposi ni nyepesi kudhurika kwa mionzi. Miale hukata nyuzi za urithi ndani ya seli. Seli nzima hujua kujishona upya, ya saratani hushindwa na kufa inapojaribu kugawanyika. Ndiyo maana dozi za Kaposi ni ndogo kuliko za saratani nyingi. Kipimo chake huitwa grei. Daktari anaweza kutoa grei 8 kwa siku moja tu na mgonjwa akarudi nyumbani. Anaweza kutoa grei 20 kwa siku 5, au 30 kwa vikao 10 ndani ya wiki mbili. Dozi moja kubwa humfaa aliye dhaifu au anayetoka mbali. Kugawanya kidogo kidogo huongeza nafasi ya doa kufifia kabisa na kukaa muda mrefu bila kurudi. Kwa mtu wa Butiama asiye na pa kulala Mwanza, iliko mashine, tofauti ya siku 1 na siku 10 si jambo dogo, na anapaswa kuisema wazi mbele ya daktari kabla mpango haujapangwa.

Huombwa zaidi pale doa linaposumbua: kinundu cha unyayoni kinachozuia kukanyaga, uvimbe unaovuja damu au kunuka, doa la kope linalofunga jicho, uvimbe wa mdomoni unaozuia kumeza, vinundu vya usoni vinavyomfanya mtu asitoke nje. Hilo la mwisho nalihesabu sawa na mengine. Mama anayeuza samaki Mwigobero, Musoma, akiwa na kinundu puani hapotezi sura tu. Wateja wanahama meza yake.

Kwa mapafu, mionzi si njia ya kawaida. Anayekohoa damu akiwa na Kaposi anahitaji kupimwa kifua kikuu na kuanza dripu haraka, maana magonjwa hayo mawili hufanana na yanaweza kukaa kifuani kwa mtu mmoja kwa wakati mmoja.

"Wanasema kule wanachoma watu"

Neno "kuchomwa mionzi" limewafukuza wagonjwa wengi. Nichukue mfano wa mzee wa kufikirika, mvuvi wa upande wa Kibara wilayani Bunda, na muuguzi kijana wa kliniki.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nimefuata dawa tu."

"Nitakupa baba. Ila leo naomba uvue na viatu, nitazame nyayo."

Anavua. Kuna kinundu cha damu ya mzee chini ya kidole gumba, na kingine kisigino. Muuguzi anamwomba afumbue kinywa, anamulika kaakaa kwa tochi ya simu, anaandika kwenye faili. Anamweleza kuhusu rufaa ya kwenda Bugando, hospitali ya kanda iliyoko Mwanza. Mzee ananyamaza, halafu anatoa lililo moyoni.

"Mwanangu, wanasema kule Bugando wanamchoma mtu kwa moto."

"Hapana baba. Utalala kwenye kitanda kigumu, watakuwekea mguu vizuri usitikisike, mashine itakaa juu yako bila kukugusa. Hutasikia moto wala kuumwa. Utasikia mlio tu, dakika chache, kisha utashuka na kuvaa viatu vyako."

"Na nikirudi nyumbani, wajukuu? Sitawaambukiza hiyo mionzi?"

"Hubaki nayo baba. Mashine ikizimwa, imekwisha. Unaweza kuwapakata siku hiyohiyo."

Muuguzi huyo amesema kweli tupu. Wahudumu hutoka chumbani mashine inapowashwa kwa sababu wao wapo pale kila siku ya kazi, wewe ni siku chache. Wanakuona kupitia kamera na mnaweza kusemezana. Mashine ziko za aina mbili kuu: zenye madini ya kobalti, ambayo nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5 na ushei, hivyo chanzo kikichakaa kila kikao hurefuka kidogo, na zile za umeme, ambazo hazina mionzi yoyote zikizimwa. Kwa mgonjwa aliyelala pale, hisia ni ileile.

Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa aseme kama ana mimba au hedhi imechelewa. Mimba hubadilisha mpango wote.

Kinyama kidogo kwanza

Hakuna mionzi wala dripu bila uhakika wa ugonjwa. Daktari atakutia ganzi na kukata kinyama kidogo, saizi ya punje ya mchele, kipelekwe maabara. Watu hukiogopa kwa imani kwamba "kansa ikiguswa na chuma inasambaa". Haisambai kwa kipimo hicho. Na kina faida ambayo wengi hawaifahamu: yapo maradhi yanayofanana sana na Kaposi, likiwemo moja la bakteria linalopona kwa antibiotiki. Fikiria mtu apigwe mionzi na dripu kwa ugonjwa ambao ungeisha kwa vidonge.

Sambamba na hilo utapimwa damu, wingi wa virusi, CD4 (seli za kinga), na kifua kikuu. Damu ikiwa pungufu utapewa vidonge vya madini ya chuma, na hapa kuna mtego mdogo: vidonge hivyo, pamoja na vya kalsiamu na dawa za kutafuna za kiungulia, huzuia dolutegraviri iliyo ndani ya TLD isinyonywe vizuri. Meza TLD saa 2 kabla yake au saa 6 baadaye. Mwambie mfamasia akuandikie saa kwenye boksi.

Njia kutoka Mara

Rufaa hupanda ngazi kwa ngazi. Zahanati au kituo cha afya, hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya mkoa mjini Musoma, ile ya Kwangwa iliyopewa jina la Mwalimu Nyerere. Kutoka hapo ni Bugando, Mwanza, hospitali ya rufaa ya kanda iliyofunguliwa mwaka 1971, yenye idara ya saratani na tiba ya mionzi. Kwa miaka mingi jibu la mionzi nchini lilikuwa moja tu, Ocean Road, Dar es Salaam, katika majengo yaliyojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, iliyofanywa taasisi ya saratani inayojitegemea mwaka 1996. Kwa mgonjwa wa Musoma ilimaanisha zaidi ya kilomita elfu moja. Leo ni kilomita kama 220 za lami kupitia Bunda, Lamadi na Magu. Ocean Road bado ipo kwa kesi zinazohitaji mashine au utaalamu wa ziada, lakini usipande basi la Dar kwa kuambiwa na jirani. Anza na barua ya rufaa ya Bugando.

Mfuko wa safari uwe na barua hiyo, kadi ya CTC, majibu ya kinyama, majibu ya wingi wa virusi, picha za eksirei kama zipo, kadi ya bima, na ARV za kutosha zaidi ya siku ulizopanga kukaa. Ukiishiwa ukiwa Mwanza, ingia CTC yoyote na kadi yako, ueleze umetoka wapi. Piga simu hospitali kabla ya kuondoka nyumbani. Mashine za mionzi popote duniani husimama kwa matengenezo, na hakuna uchungu kama wa kulipa nauli mbili, yako na ya msindikizaji, ukafika ukaambiwa urudi wiki ijayo.

Siku ya kwanza huwa si ya mionzi. Ni ya kuonana na daktari, kupimwa, na kuchorwa. Watachora mistari kwenye ngozi kwa wino, na mistari hiyo ndiyo inayowaambia wataalamu waelekeze wapi kila siku. Usiisugue. Ikififia usijichoree mwenyewe; waambie.

Kulala ndiko kunakowaangusha wengi. Vikao hufanyika Jumatatu hadi Ijumaa, kila kimoja kifupi, lakini huwezi kwenda na kurudi Musoma kila siku. Mwenye ndugu huko Mwanza, Igoma, Nyakato au Buzuruga, ameokoka, maana ni upande uleule wa barabara ya Musoma. Asiye naye aende kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali siku ya kwanza, asisubiri pesa ziishe. Ofisi hiyohiyo ndiyo inayoshughulikia msamaha wa gharama kwa asiye na uwezo. ARV ni bure, hilo halina mjadala. Vipimo na huduma nyingine uliza mapema kipi kinalipwa na bima, kipi kinaingia kwenye msamaha, na kipi kitatoka mfukoni. Kama una mbuzi wa kuuza, ni bora umuuze kabla ya safari kwa bei yako kuliko kumuuza kwa simu ukiwa wodini.

Wengine hawaendi kwa kuogopa kujulikana. Idara ya saratani haijaandikwa VVU mlangoni. Waliokaa kwenye benchi wana saratani za kizazi, matiti, koo, tezi. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu yako. Nyumbani unaweza kusema unakwenda kutibiwa uvimbe wa mguu, na utakuwa hujadanganya. Ila mwambie angalau mtu mmoja ukweli mzima, yule atakayekukumbusha dawa ukiwa umechoka. Butiama imewahi kubeba msiba wa saratani mbele ya dunia nzima: mwana wake, Mwalimu Nyerere, alifia London tarehe 14 Oktoba 1999 kwa saratani ya damu, na jina la ugonjwa wake halikumpunguzia heshima hata chembe.

Wakati wa tiba na siku zinazofuata

Vikao vichache vya mwanzo havina dalili. Baadaye ngozi iliyopigwa inaweza kuwa kavu, ikawasha, ikakoleza weusi, ikabanduka kama aliyeungua jua. Nywele za mahali hapo hudondoka. Uchovu huja jioni. Oga kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo na manukato, pitisha kiganja badala ya dodoki, kausha kwa kugusagusa na kanga laini. Usikande kwa maji ya moto, usiweke barafu, usipake mafuta ya mgando kabla ya kikao, wala majani au unga wowote aliokuletea shangazi kwa mapenzi yake. Mguu uliovimba uinuliwe juu ya mto kila unapokaa. Asiyekanyaga vizuri apate kandambili pana. Kuvaa kiatu cha kubana juu ya ngozi iliyopigwa mionzi ni kutafuta kidonda ambacho kitachukua miezi kupona.

Mdomo unataka uangalifu wa pekee. Wenye VVU hupata vidonda vya mdomoni kwa dozi ndogo kuliko wengine na huvipata mapema zaidi, kwa hiyo madaktari hushusha dozi ya kila siku. Wewe upande wako onana na daktari wa meno kabla ya kuanza, jino bovu litolewe mapema. Sukutua mara kadhaa kwa siku kwa kikombe cha maji yaliyochemshwa na kupoa yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi. Acha sigara, ugoro, gongo na pilipili. Uji wa ulezi uliopoa, supu ya samaki iliyochujwa, maziwa, ndizi za kupondwa. Ukiona utando mweupe kama maziwa yaliyoganda, hizo ni fangasi na zina dawa yake. Usizivumilie mpaka ushindwe kumeza TLD.

Rudi hospitali bila kusubiri miadi ukipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, damu isiyokatika, choo cheusi kama lami, kuhema, kukohoa damu, au kidonda kinachonuka na kutoa usaha.

Madoa mengine yasiyokuwa Kaposi

Musoma iko digrii moja na nusu tu kusini mwa ikweta, na jua letu si la mchezo. VVU huongeza nafasi ya saratani ya seli bapa, ile ya kidonda kisichopona chenye kingo zilizoinuka, mara nyingi usoni, sikioni au juu ya mkono. Ndugu zetu wenye ualbino huipata hata bila VVU, na mapema sana maishani. Kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua kama yale yanayotengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi, ni kinga ya kweli kwao. Ukanda huu una pia saratani ya weupe wa jicho: kinyama cha pinki au cheupe kinachoanza pembeni ya mboni na kukua taratibu, ambacho watu hukitia dawa za matone mwaka mzima. Kwa mwenye VVU kinyama cha namna hiyo kionwe na daktari wa macho, si muuza dawa.

Kwa saratani hizi mbili upasuaji hutangulia. Mionzi huja pale ambapo kisu hakikuweza kumaliza, au mahali hapakatiki, na dozi yake ni kubwa: inaweza kufika wiki 6 au 7. Asikudanganye mtu kwa kusema fulani alipigwa siku moja akapona. Huyo alikuwa na Kaposi.

Baada ya kikao cha mwisho

Usitazame mguu kila asubuhi ukitafuta muujiza. Maumivu na damu hupungua kwanza, ndani ya siku au wiki chache. Vinundu hulainika na kushuka taratibu. Uvimbe wa mguu ndio wa mwisho kuondoka, na kwa aliyechelewa sana hauondoki wote, maana njia za maji za mguu zimeharibika. Hapo bandeji ya kubana na mazoezi ya kifundo huendelea kusaidia.

Doa lenyewe linaweza kubaki na rangi ya kahawia hata baada ya saratani kufa pale. Ni masalia ya damu iliyokuwa imevuja ndani ya ngozi, na wengi hurudi Mwanza wakilia kwamba hawakupona kwa sababu ya rangi hiyo. Bonyeza: likiwa bapa, laini, halikui, ni kovu. Likinyanyuka au kupata jirani mpya, nenda. Piga picha kwa simu siku ya kikao cha mwisho, weka sarafu ya shilingi 200 kando ya doa ili ukubwa uonekane, na upige tena kila siku ya miadi ya CTC. Ukifika kwa muuguzi, vua viatu kabla hajakuambia, mwonyeshe mguu na picha pamoja.